Tumbusi Hana Kijiji

(Mazungumzo niliyoyatoa kwa wanakijiji na wanafunzi Jumamosi ya kwanza ya Septemba, katika kijiji kimoja cha barabara ya Mtera, Dodoma. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na pale nilipotoka nje ya karatasi nimejaribu kukumbuka.)

Mbukwenyi!

Salamu yetu ya Kigogo mmeiitikia vizuri kuliko mjini. Mjini siku hizi ukisema mbukwenyi nusu ya watu wanakukodolea macho, nusu nyingine wanadhani unaomba kura.

Mwenyekiti, walimu, wazee wangu, mama zangu, wanafunzi, na ninyi vijana wa machungani mliokuja na fimbo zenu, asanteni kwa kuniita. Kwanza naomba radhi kwa ajili ya saa. Mwenyekiti alitaka tuanze saa mbili asubuhi, kabla jua halijachoma. Nikamwambia hapana, saa nne. Najua mmenisema njiani. Lakini saa mbili ningekuwa nawasimulia habari za mtu ambaye bado yuko kitandani. Tumbusi haamki na jogoo. Ni ndege mzito, mla mizoga. Huyu wetu wa kawaida, mwenye mgongo mweupe, ana kilo nne hadi saba, na akikunjua mabawa ni zaidi ya mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Kuyapiga mabawa hayo kunamchosha mara moja. Kwa hiyo anakaa mtini, anasubiri ardhi ipate moto na hewa ya moto ianze kupanda. Ndipo anajitupa, anaitafuta ile hewa, inambeba juu akizunguka tu. Akishafika juu anateleza kuelekea anakotaka huku akishuka kidogo kidogo, mpaka aikute hewa nyingine ya moto, apande tena. Ndiyo safari yake. Mtu mvivu kuliko wote angani, na anatuzidi wote kwa mwendo.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja wakati nazungumza: msinitazame mimi. Mimi ni mzee, hapa usoni hakuna kipya. Tazameni juu ya kile kilima. Atakayeona kitu anyooshe mkono, tutasimamisha hotuba.

Tuanze na jina, maana hapo pana ugomvi. Wengi wenu mnasema tai. Sina nguvu ya kumkataza mtu, lakini tai ni yule anayeua. Ana manyoya kichwani, ana kucha za kushikia, anabeba kanga wako mbele ya macho yako. Tumbusi miguu yake ni ya kutembelea, haina nguvu ya kukamata. Kichwa na shingo hana manyoya, au ana malaika tu kama ya mtoto mchanga, kwa sababu kazi yake inamtaka aingize kichwa chote ndani ya ng'ombe. Ungekuwa wewe ungeenda na kofia ya manyoya?

Hapa kwetu utakayemwona mara nyingi ni huyo mgongo mweupe. Kuna ngusha, yule mkubwa mwenye kichwa chekundu na ngozi inayoning'inia pembeni kama masikio yaliyokunjamana. Huyo akitua kwenye mzoga wenzake wanasogea. Mdomo wake unachana ngozi ya nyati, kazi ambayo mgongo mweupe haiwezi, na ndiyo maana utawakuta wamemzunguka ng'ombe mzima wanamsubiri bwana mkubwa afungue. Kuna mdogo mwenye mdomo mwembamba anayekuja hata machinjioni kuokota vinavyodondoka. Kuna mwenye kichwa cheupe, huyo hutembea wawili wawili na siku hizi ukimwona andika kwa wino mwekundu. Yule anayeitwa kwa jina la Rüppell, mwenye madoadoa kifuani, makazi yake ni majabali ya kaskazini, milima ya Gol kule Ngorongoro. Kwetu ni mgeni wa nadra. Ndiye aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Côte d'Ivoire, Novemba 1973, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Kimo hicho mtu hapumui. Manyoya yaliyokutwa kwenye injini ndiyo yaliyomtaja.

Sasa, kwenye barua ya mwaliko mwenyekiti ameandika nije kuzungumzia "kuhama kwa tumbusi kwa majira". Neno kuhama nataka tulikague kidogo, maana angani kwetu kuna wahamaji wa aina mbili na tunawachanganya.

Wa kwanza ni wale wenye kalenda. Subirini Novemba, mvua za kwanza zikishaloanisha udongo na kumbikumbi wakaanza kutoka. Mtaona tai wa kahawia wakubwa wametua chini shambani, wanatembea kama kuku, wanaokota kumbikumbi mmoja mmoja. Mtu anashangaa, tai mzima anakula kumbikumbi! Hao wametoka Urusi, Kazakhstani na Mongolia, wanakimbia baridi. Pamoja nao, au nyuma yao kidogo, wanakuja kozi wadogo wa Amur, uzito wao ni kama gramu 150, uzito wa embe dogo. Hao wanatoka Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, wanapita India, halafu wanaivuka Bahari ya Hindi yote, usiku na mchana, hakuna pa kutua. Wanapita hapa kwetu kuelekea kusini. Hawa safari zao zina kwenda na kurudi, na mwezi wake unajulikana. Hata katika ukoo wa tumbusi yupo mmoja wa namna hiyo, yule mdogo mweupe mwenye uso wa njano. Wa kwao Bulgaria na Ugiriki huondoka Septemba, mwezi kama huu, wanapitia Uturuki, Syria na Sinai, wanakuja kukaa Chad, Sudan na Ethiopia mpaka Machi. Wanaojua njia ni wakubwa. Vitoto vya mwaka huo vinavyotoka bila mkubwa wa kufuata, vingi vinaelekea kusini moja kwa moja, vinaingia Bahari ya Mediterania ambako hakuna hewa ya moto ya kuvibeba, vinazama. Watafiti wanaona sababu mojawapo ni kwamba wazee wamepungua sana, hakuna wa kuonyesha njia. Kuna ndugu zao wanaoishi huku huku kwetu bila kuhama. Mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, na mumewe Hugo van Lawick mwaka 1966 waliwaeleza wanasayansi jinsi walivyowaona Tanzania wakiokota mawe kwa mdomo na kuyapiga kwenye mayai ya mbuni mpaka yapasuke. Ndege wa mawe! Lakini tuwaache hao, hawafiki hapa mara nyingi.

Wahamaji wa pili ni tumbusi wetu wenyewe. Hawa hawana kalenda. Hawaendi kusini wala kaskazini. Wanafuata kifo.

Msishtuke, nitaeleza. Kule Serengeti, mwanzoni mwa miaka ya 70, kulikuwa na Mwingereza anaitwa Colin Pennycuick. Huyu bwana alikuwa na ndege ndogo nyepesi ambayo injini yake anaweza kuizima akiwa hewani. Anapaa, anazima injini, anaingia ndani ya ile hewa ya moto pamoja na tumbusi, anazunguka nao. Kazi gani hiyo! Lakini ndivyo tulivyojua mambo mengi, mojawapo kwamba tumbusi mwenye kifaranga kiotani anaweza kwenda kutafuta chakula kilomita mia na zaidi na bado akarudi. Watu walidhani tumbusi wanafuata tu nyumbu, popote walipo nyumbu wengi. Baadaye watafiti waliowafunga vifaa vya kutuma mawimbi wakaona sivyo. Nyumbu wakiwa wengi, wameshiba na wana afya, tumbusi wanaondoka. Wanakwenda mahali penye kiangazi kikali, hata kama wanyama ni wachache, ilimradi wanakonda na kuanguka. Tumbusi haangalii wingi wa mifugo yako. Anaangalia nani hafiki wiki ijayo.

Na hilo mimi nililiona hapa hapa kabla ya kulisoma. Nilikuwa bwana mifugo, nimetembea wilaya za mkoa huu kwa baiskeli, kwa pikipiki, na mara nyingi kwa miguu maana pikipiki ilikuwa haina mafuta. Nina madaftari. Mke wangu anayaita madaftari ya mizoga, na mgeni akifika nyumbani anamwambia, "Mzee katoka, kaenda kuhesabu tai." Basi ukiyasoma madaftari hayo, kwa njia hii yetu ya Mtera, mwaka wa tumbusi unaonekana hivi. Machi na Aprili, nyasi ziko kiunoni, mawingu mengi, hewa haipandi vizuri, ng'ombe wana manyoya yanayong'aa. Siku nyingi nimeandika sifuri. Masika yakiisha, wakubwa wanataga, yai moja tu kwa mwaka, wanaliatamia siku 56 hivi, na kifaranga kinakaa kiotani miezi minne mingine. Wakati huo wazazi wana kamba mguuni, wanatoka na kurudi. Vijana wasio na mke wala mume ndio wanaozurura, na vijana ndio wengi ninaowaandika Juni na Julai. Wana rangi ya udongo, mgongo bado haujawa mweupe. Agosti, Septemba, Oktoba wanaongezeka. Halafu inakuja Novemba na Desemba, na hapo daftari linajaa.

Wengi watadhani ni kwa sababu kiangazi kimefika mwisho. Vijana wa machungani, niambieni, ng'ombe wanakufa zaidi lini? Kiangazi au mvua ya kwanza?

(Wakajibu kwa pamoja: mvua ya kwanza.)

Mnaona? Hilo mtu wa mjini halijui. Kiangazi kinamkondesha ng'ombe, mvua ya kwanza inamwangusha. Amemaliza mafuta yote mwilini, mbavu zinahesabika, halafu usiku mmoja inapiga mvua ya baridi yenye upepo, asubuhi hawezi kunyanyuka. Unamshika mkia, wengine wanamshika pembe, mnamwinua, anasimama na miguu inatetemeka, anaanguka tena. Mwaka mmoja, asubuhi ya mvua kama hiyo, nilikuwa kwa mfugaji mmoja tunawainua tangu alfajiri. Ilipofika saa nne mawingu yakafunguka. Nikatazama juu, hakuna kitu. Akaja pungu mmoja, yule tai mwenye mkia mfupi kama amekatwa, anapita chini chini juu ya migunga. Pungu ndiye anayetangulia kuona. Akakata kona, akarudi. Basi kule juu kabisa, ambako mimi nilikuwa sioni kitu, kuna tumbusi alikuwa anamwona pungu, na mwingine mbali zaidi anamwona huyo tumbusi, na mwingine anamwona huyo. Wa kwanza aliposhuka, mnyororo mzima ulivutika. Hawanusi, tumbusi wetu hawa wanategemea macho tu, na macho yenyewe wanaangaliana. Ndani ya nusu saa mgunga uliokuwa mtupu ulikuwa umeinamisha matawi. Ng'ombe wanne walikuwa wamekufa, na jioni tulibaki na mifupa na ngozi iliyokunjamana kama gunia. Yule mfugaji alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akawatazama, akasema, "Angalau wao wamepata." Hakuwa na chuki. Sijui kama mimi ningesema hivyo.

(Hapa msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono. Juu ya kilima kulikuwa na ndege mkubwa anazunguka. Tulisimama wote.)

Vizuri! Macho mazuri. Sasa tazameni nyuma ya mkia. Miguu inatokeza? Inatokeza. Na shingo? Ameikunja, lakini kuna mdomo mkubwa mbele kama jembe. Huyo ni kongoti. Naye anapaa kwa hewa ya moto, naye anakula mizoga na takataka, lakini si tumbusi. Tumbusi akiwa angani miguu huioni, mkia mfupi, kichwa kidogo kimezama mabegani, na mabawa mapana kama ubao wa mlango, ncha zimechanuka kama vidole. Usione aibu, binti. Mimi nilimwandika kongoti kuwa tumbusi miaka miwili mizima kabla mtu hajanirekebisha.

Na jambo la pili la kutazama, ambalo wengi hatulijui: tumbusi wanaozunguka si lazima pawe na mzoga. Kuzunguka huku wanapanda ni safari. Wanachukua hewa, wakifika juu wanatawanyika mmoja mmoja kuelekea upande mmoja, na huo upande ndio wa kuandika. Mzoga ni pale wanaposhuka. Mabawa wameyakunja nusu, miguu imening'inia chini kama breki, wanakuja kutoka pande zote kwa mistari iliyonyooka, na ukiwa karibu unasikia mvumo wa upepo kwenye manyoya. Ukiona hivyo, kuna kitu kimekufa. Askari wa wanyamapori wanalijua hilo vizuri sana, na majangili pia wanalijua. Jangili akiua tembo, tumbusi wanamchongea ndani ya saa moja. Ndiyo maana wengine, wakishang'oa meno, wanautia sumu mzoga wenyewe, siyo kwa ajili ya nyama, ni kuwaua mashahidi. Botswana, Juni 2019, mizoga mitatu ya tembo iliua tumbusi 537. Mizoga mitatu. Na huku kwetu, Februari 2018, upande wa Ruaha, sumu iliua simba sita na tumbusi 74.

Nataka sasa niwasimulie la kwangu, maana sitaki nionekane nimekuja kuwasema majangili na wafugaji tu.

Nilikuwa kijana kazini, wilaya sitaitaja. Mfugaji mmoja aliliwa ndama watatu na fisi ndani ya wiki mbili. Akaja kwangu analia. Mimi nina pikipiki ya serikali na kalamu mbili mfukoni, najiona najua. Nikamwambia ndama wa mwisho asimzike, autie mzoga dawa ya mashambani. Nikamtajia dawa gani. Leo sitaitaja. Nilimwambia kwa sauti ya mtaalamu, na alinishukuru, akanipa kuku.

Kesho yake saa nne hivi nikarudi kuona kazi yangu. Fisi hayupo. Mbwa wake wawili walikuwa wamelala kando ya zizi, mmoja amefungua mdomo, udongo umeingia kwenye ulimi. Na tumbusi. Wengine walikuwa bado juu ya mzoga, wameanguka pale pale vichwa vimeingia ndani. Wengine walijaribu kuondoka, wametawanyika kama nguo zilizopeperushwa kutoka kwenye kamba. Mmoja alikuwa hai. Amekaa, mabawa ameyaachia chini, kifuko cha shingoni kimejaa, kichwa kinashuka polepole, kinagusa ardhi, anakiinua, kinashuka tena. Nilimshika. Hakunidonoa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, joto lake likanipita mikononi, na jicho lake lilikuwa la kahawia nyeusi, linanitazama mimi moja kwa moja. Akafa nikiwa nimemshika, na mimi nina kuku wa shukrani amefungwa kwenye pikipiki.

Tulichimba shimo, tukawazika wote pamoja na mbwa. Nilifikiri yameisha. Ilikuwa Juni. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa kwenye kampeni ya chanjo, mbali kabisa, kata nyingine, ng'ambo ya korongo. Nikapumzika chini ya mgunga mkubwa. Mti wenye kiota cha tumbusi unaujua kwa weupe, kinyesi kinapaka matawi na ardhi kama mtu amemwaga chokaa. Huu ulikuwa na kiota, na weupe wake ulikuwa umeanza kufubaa. Hakuna kipya juu yake. Nikapanda, nilikuwa na mwili wa kupanda miti wakati huo. Kifaranga kilikuwa ndani, kimekauka, kikubwa kama kuku. Sina ushahidi kwamba mzazi wake ni mmoja wa wale niliowazika. Lakini sijawahi kuamini vinginevyo. Watu wa kata ile hawakutia sumu popote. Hawakumjua yule mfugaji, wala fisi wake, wala mimi.

Daftari la kwanza nilianza wiki ile.

Ndiyo maana nasema tumbusi hana kijiji. Mtu akitia sumu hapa, hajui ameua wa wapi. Kutoka Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, mpaka hapa kwa mstari ulionyooka hakufiki kilomita 150. Kwa mwendo wa kuteleza wa kilomita 35 kwa saa, tumbusi aliyekunywa maji kule asubuhi anaweza kula chakula cha mchana kwenu. Na kule nako pana shida zake. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi karibu kila kiangazi, viboko wanabanana kwenye madimbwi, wanyama wanafuata maji yaliyobaki, na tumbusi wanafuata wanyama. Wakimaliza kule wanakuja huku kwenye ng'ombe zetu, wanakwenda mapori ya akiba ya Rungwa, Muhesi, Swagaswaga, wanapumzika usiku kwenye zile nguzo za umeme mkubwa unaotoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Singida na Shinyanga. Nguzo ni mti mzuri kwao, waya ndio mbaya, akiugonga amekwisha. Vijana wa tumbusi waliofungwa vifaa Afrika Kusini walionekana wakiingia Namibia, Botswana, Zimbabwe, Zambia na Angola. Bila pasi, bila stakabadhi ya kijiji. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika, na huyu wetu mgongo mweupe akiwamo, ziliingizwa kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Ndege aliye kila mahali ndiye anayekufa kila mahali.

India nitaipitia haraka, ingawa kwa mtu wa mifugo ndiyo inayotisha. Huko hawakutumia sumu. Walitumia dawa ya maumivu, diklofenaki, kuwachoma sindano ng'ombe. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi akimla, figo zinakufa. Ndani ya miaka 15 hivi tumbusi wa aina tatu walipungua kwa zaidi ya asilimia 95, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua sababu ni nini. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na mbwa wakiongezeka mnajua kichaa kinafuata. Serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mimi diklofenaki naitumia kwa goti langu, na mtu hana kosa kumeza vidonge vyake, maana mimi nikifa mtanizika. Ila bwana mifugo kijana aliyekaa pale nyuma, ninakuona, ng'ombe mwenye maumivu mpe meloksikamu. Inafanya kazi ile ile na tumbusi hadhuriki.

Mzee mmoja ameniuliza kabla ya mkutano: kwa hiyo mizoga yote tuwaachie wao? Hapana, mzee wangu. Ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo limevimba haraka, damu nyeusi inatoka puani na haigandi, huyo ni kimeta. Usimchune, usimkate, usimguse, mwite bwana mifugo azikwe kwa kina. Tumbo la tumbusi lina asidi kali ajabu, linaua vijidudu ambavyo vingetuua sisi, lakini wewe uliyeshika kisu huna tumbo hilo. Aliyekufa kwa njaa, kwa baridi ya mvua ya kwanza, kwa kuvunjika mguu, hana dawa mwilini, mburute mbali na kisima na mbali na barabara, muachie mwenye kazi yake. Na fisi akikusumbua, zizi. Zizi la miiba lililojengwa juu na nene, na mbwa wawili wanaobweka. Ni kazi ngumu kuliko ushauri niliompa yule bwana. Najua.

Nimeleta daftari moja jipya. Nimelipiga mistari mwenyewe jana usiku: tarehe, saa, wangapi, wanapanda au wanashuka, wanaelekea wapi, mvua ipo au haipo. Ukiwahesabu kwenye mzunguko usihesabu wakiwa ndani, utarudia. Subiri watoke mmoja mmoja kule juu. Ukikosa, andika sifuri, sifuri nayo ni habari. Ukikuta wamekufa pamoja, usiwaguse kwa mikono mitupu, usiruhusu mbwa wala mtoto wasogee, mwambie mwenyekiti siku hiyo hiyo naye awaambie watu wa wanyamapori. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi asubuhi ya leo nikiwa kwenye basi, kabla ya daraja: saa tatu na dakika arobaini, wawili, wanapanda, mvua hakuna. Upande sikuona, basi lilipiga kona.

Daftari litakaa kwa mwalimu wa sayansi. Kalamu nimeifunga kwa kamba.